Malalamiko Kuhusu Mpaka Usio na Damu Katika Utumbo Wangu wa Kushoto

Aroi, Arua

Kwa Daktari Ritah Aliga, Mpasuaji, binti wa marehemu mdogo wangu.

Mwanangu Ritah,

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu niondoke chumbani mwako hospitalini bila kuaga, umekuwa ukipiga simu nami nimekuwa nikimwambia mke wangu Santa aseme kwamba nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nikiutazama mchoro ulionichorea nyuma ya kalenda, unaoonyesha utumbo wangu mpana, mahali penye uvimbe, na mahali unapokusudia kupasua. Ulisema kwamba uvimbe huo usipotolewa utaziba njia na kuniua. Hilo nimelielewa. Yafuatayo sijayakubali.

1. Kushoto. Kwa mujibu wa mchoro wako, utumbo mpana hupanda upande wa kulia, hukatiza juu ya tumbo, hupinda chini ya wengu, huteremka kushoto, hujikunja penye nyonga, kisha huishia kwenye puru. Uvimbe umekaa pale puru inapoanza. Mimi sijawahi kumpa mtu chakula kwa mkono wa kushoto, wala kumsalimia kwa mkono huo. Nauliza kwa adabu: upande ambao sikuutumia umechakaaje?

2. Mpaka. Ulieleza kwamba utumbo wa kushoto umelala juu ya ukuta wa nyuma wa tumbo, na kwamba kati yao kuna utando mwembamba usio na damu. Mpasuaji akiufuata bila kuyumba, hata kufika nyuma ya puru, viwili hivyo huachana kwa amani. Mwanangu, nimekuwa mwenyekiti wa kikao cha mipaka ya mashamba tangu hujazaliwa. Nimetembea mipaka ya ndugu wa tumbo moja, ya wajane, ya kanisa na ya msikiti. Mpaka usio na damu sijauona. Majirani wawili, Adrabo na Obitre, waligombea ardhi ya upana wa jembe, na mpaka leo Obitre hana meno ya mbele. Ikiwa mpaka wa amani ulikuwa tumboni mwangu muda wote huu, mbona mimi nimeutafuta nje hadi nimezeeka?

3. Uhamisho. Ulisema kwamba ukishaondoa kipande kibovu, ncha zilizobaki hazitafikiana, na kwa hiyo utailegeza ile kona ya chini ya wengu ili utumbo mzima uteremke hadi nyongani. Kona hiyo haina kosa lolote. Nilimweleza jambo hili jirani yangu Jada, aliyeikimbia vita ya kwao akavuka mpaka wa nchi pale Oraba. Alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, hata tumbo yako iko na wakimbizi?" Kisha akauliza kama utumbo huo utahama na mshipa wake wa damu. Nikamjibu kwamba ndivyo ulivyosema. "Basi itaishi," akasema. "Mimi nilikuja bila kitu, na bado niko." Sikuwa nimemwomba maoni.

4. Majirani. Mrija utokao kwenye figo ya kushoto umepita karibu mno na kisu chako. Vivyo hivyo mishipa ya fahamu ya kibofu, na ya mambo mengine ya mume, ambayo uliyataja mbele ya mke wangu. Katika vikao vyetu hakuna kigingi kinachong'olewa kabla majirani hawajaitwa. Hawa waliitwa lini? Nesi Rosa Kiden alinijibu hivi: "Baba, mutumbo si shamba. Wewe iko na kichwa ngumu tu." Maneno ni yake, na upatanisho wa ngeli pia ni wake.

5. Wajomba. Damu ya mtu ikimwagika, upande wa mama yake huarifiwa. Mama yangu alitoka Midia, Koboko. Ni nani atakayewapelekea wajomba kipande hicho wakione, na kitazikwa kwao au kwetu?

6. Mlango. Umependekeza kunitoboa tundu la muda la kutolea choo tumboni, safari hii upande wa kulia, na kulifunika kwa mfuko. Nyumba hii imeishi na mlango mmoja wa nyuma maisha yake yote. Kufungua mwingine upande wa mbele ni jambo la kikao.

Kwa hiyo naomba upasuaji usimame hadi masharti haya yatimizwe. Wazee wawili wa Aroi na wawili wa Midia waingie chumba cha upasuaji, miguu yao ikiwa imeoshwa. Uwaonyeshe mpaka huo kwa kidole, kutoka kwenye wengu hadi kwenye puru. Ithibitike kwamba wengu, figo na kibofu havina pingamizi. Kikao kitaongozwa nami, na kwa sababu hiyo nisipewe dawa ya usingizi.

Nisalimie mumeo, watoto, Rosa Kiden, na yule mlinzi wa lango aliyenirudishia kofia yangu. Kikao kikishaamua, nitakuandikia.

Ni mimi, baba yako mkubwa,
Marino Obeti,
Mwenyekiti.

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga barua hii, Yengi, mtoto wa mjomba wangu, amefika na wenzake kutoka Midia. Wamemla mbuzi wa kikao kabla sijasoma hata lalamiko la kwanza. Yengi aliuliza jambo moja tu: ni nani atakayeshika kisu? Nilipokutaja, akafuta mdomo. "Kumbe ni mutoto yetu? Sasa kikao ya nini?" Asubuhi ya leo nimeona damu tena chooni, nyingi kuliko ile niliyokueleza. Santa ameiona pia, na amekwisha kufunga mizigo. Tunakuja kesho, barua hii nitakukabidhi mwenyewe. Dawa ya usingizi nitaikubali. Katika kila mpaka mimi ndiye niliyetangulia, na watu wakanifuata. Huu utautangulia wewe. Tembea polepole.