Namba Tisa Mgongoni mwa Kocha

Jumatatu, 4 Agosti
Alhamdulillahi, bado mimi ni kocha wa timu ya Kusi ya Msambweni. Kamati imenipa mechi moja zaidi: tukifungwa na Ukunda Jumamosi, filimbi namkabidhi Hadiya, msaidizi wangu. Mwanamke mpole, mwalimu wa hesabu. Lakini amewahi kufunga mabao matatu mechi moja kama mimi? Nilimuuliza. Alisema hapana, akaendelea kupanga koni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda Ukunda kupeleleza mazoezi yao. Kofia pana, miwani ya jua, mtalii kabisa! Tofiki, kocha wao, amenitambua kwa jinsi ninavyochechemea. Zamani tulishambulia pamoja, yeye na mimi. Watu husema pasi zote zilikuwa zake. Hewala, mabao yalikuwa ya nani?
Amenikaribisha benchi kwa chai na mahamri. Kisha, bila kuulizwa, akanieleza kwamba watashambulia kwa winga wa kushoto, kijana mwenye mbio. Nimeshukuru sana. Mtu muungwana. Ila mtu hakupi siri yake kwa hiari isipokuwa ni uongo. Basi mabeki wangu wote wazuri nawahamishia upande wa pili.

Ijumaa, 8 Agosti
Swabir, mshambuliaji wetu, amepata kazi hotelini Diani; kesho hayupo. Nimejisajili mimi. Namba tisa!
Mke wangu Biasha amenikumbusha kwamba ninasali kitini. "Baba Husna," amesema, "goti hilo hata sijda linakukatalia." Hata hivyo jezi amenipigia pasi, tena kwa uangalifu. Inabana tumboni. Mola ampe kheri.

Jumamosi, 9 Agosti
Winga wa kushoto ni kweli ana mbio. Mabao mawili kabla ya mapumziko, yote kupitia upande nilikowatoa mabeki.
Kipindi cha pili mpira ukanijia miguuni, goli likiwa wazi. Nikageuka. Goti halikugeuka. Wa kwanza kunifikia alikuwa Tofiki. Alimkimbilia muuza samaki akaomba barafu, akanifunga goti kwa leso yake mwenyewe. Nikataka kurudi uwanjani. Hadiya akanishika bega.
"Kocha, kaa. Umetufundisha, sasa ututazame."
Nikakaa. Akarudisha mabeki mahali pao, akampeleka Karisa, beki, mbele nilipokuwa mimi. Karisa! Amefunga mara mbili, na la tatu akampasia Boga, kiungo wetu, akafunga. Tatu kwa mbili. Nimelia mbele za watu, wala sikuona haya.

Jumapili, 10 Agosti
Kamati imekuja nyumbani asubuhi, pamoja na Hadiya. Walitaka kumpa Hadiya timu. Amekataa, amewaambia wachezaji hao walipokuja hawakujua hata kurusha mpira, na aliyewafundisha ni mimi. Nimebaki kocha. Nimemwombea dua. Mchana Tofiki naye ameleta mafuta ya kukandia goti, hata hakuutaja ushindi wetu. Nimezungukwa na watu wema, sijui nimewafanyia nini.
Nimelala chali, goti juu ya mto, nikiitafakari mechi yote kwa makini. Sababu ya ushindi sasa naiona wazi: kuanguka kwangu kuliwavuruga Ukunda. Nimemtumia Hadiya ujumbe kwamba mechi ijayo, dhidi ya Funzi, nitaanguka mapema zaidi.