Sumaku Yangu Imekataa Kuachia Kitenge cha Mama

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kiwanda kizima.

Mnajua nafanya kazi Oakdale, huku Minnesota, tunatengeneza sumaku za mota. Zina nguvu sana, lakini zikipata joto kali hulegea. Dawa yake ni kuongeza madini yanayoitwa disprosiamu, kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga. Leo sumaku ya mchanganyiko wangu wa kwanza ilitiwa kwenye oveni, pamoja na nyingine isiyo na disprosiamu, ya kulinganishia. Yangu ikibaki na nguvu, napandishwa kufanya kazi kwenye tanuru. Ikilegea, narudi kufunga maboksi. (Maboksi hayanisemeshi, na mimi nina haya. Lakini nilitaka tanuru!)

Asubuhi Mama akasema siku kubwa haivaliwi suruali. Akanivika kitenge chake cha kanisani. Kipana! Akakibana kiunoni kwa pini za chuma. Nikavaa koti la kazi juu yake. Nani ataona?

Sumaku zikatoka, zikapoa. Bosi akaning'iniza spana kubwa kwenye ile isiyo na disprosiamu. Spana ikaanguka.

"Sasa yako."

Nikaibeba kwa mikono miwili, karibu na tumbo, nisije nikaiangusha. Pa! Ikarukia pini. Nikashtuka, nikageuka nikimbie, nikakumbana na kabati la chuma. Pa tena! Sumaku, pini, kitenge, kabati: vyote kitu kimoja. Na mimi humo humo.

"Dada Mwanaisha," nikamnong'oneza mwenzangu wa Mombasa, "nisaidie."

Mwanaisha hajui kunong'ona. "Wallahi! Mtoto ameolewa na kabati!"

Kiwanda kizima kikaja. Bosi akavuta. Wapi! Akaita mwanamume mwingine, wakavuta wote. Wapi!

Bosi akasimama, anahema. "Huu mchanganyiko kapima nani?"

"Mimi," nikaliambia kabati.

"Hii imeshika! Joto lote lile, na imeshika!"

Makofi! Vigelegele vya Mwanaisha! Mimi bado uso kwenye kabati, nacheka peke yangu.

Wakaleta kabari za mbao, sumaku ikang'oka. Ikaondoka na pini zote. Kitenge nacho kikashuka chini, polepole, kama pazia. (Ndani nilikuwa na suruali ya baridi. Asante, baridi ya Minnesota!)

Jumatatu naanza kwenye tanuru. Mama ameuliza kama kitenge kilisaidia. Nimemwambia kilisaidia mno.

Tafadhali msicheke. Na mkishindwa, basi mcheke kwa adabu: mnamcheka fundi wa tanuru.