Bango la Thelathini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Siku sita kabla ya mbio. Mke wangu ameamka saa kumi na moja, amekimbia, amerudi, ameoga, ameketi kwenye cherehani yake anashona, na mimi bado natafuta sandali ya pili. Mwanamke wa chuma. Nampenda. Natamani tu angenipenda bila kuniamsha.

Leo ametoa agizo. Jumapili anataka kumaliza kilomita zote arobaini na mbili chini ya saa nne na nusu. Mwaka jana alifika kilomita ya thelathini na mbili akakaa chini ukingoni mwa barabara, na habari ikaishia hapo. Miguu, maskini. Mimi sikuwepo. Polisi walikuwa wamefunga njia. (Ndivyo nilivyosema, na sioni sababu ya kubadilisha maelezo yaliyokwisha kukubaliwa.) Mwaka huu natakiwa nisimame pale pale, kwenye bango la 32, na chupa ya maji na soksi kavu. Alinitazama usoni akasema.

"Bango la thelathini na mbili. Nikuone."

Nimeapa. Nimeapa mara mbili, ya pili bila kuombwa.

Na mabango yenyewe nimeyachora mimi! Arobaini na mawili, buluu, namba nyeupe. Kamati ya mbio ilinipa kazi hiyo na nimeifanya vizuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema. Mtu autazame mkia wa ile mbili yangu. Hakuna mchora mabango mjini hapa anayeweza kuupinda mkia namna ile.

Jioni alikuja shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni mwalimu wa michezo, huvaa filimbi shingoni hata akija kula. Humu ndani ataitwa Filimbi. Naye anakimbia. Alitangaza kwamba atamvuta dada yake mpaka mwisho. Akaongeza, macho yake yakiwa kwenye tumbo langu, kwamba hata kushangilia kunahitaji mazoezi. Nimeyameza. Nitayatapika wakati wake ukifika.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza mazoezi.

Mbio zinauzunguka mji mzima, kwa hiyo mshangiliaji anayejua vichochoro anaweza kumwona mkimbiaji wake mara nne bila kutoka jasho. Katikati ya kuona na kuona, lazima akae mahali. Nimekwenda kukagua njia.

Kilomita ya nane, baa ya kona: bia vuguvugu kama maji ya kunyolea. Mhudumu alisema friji linapumzika. Kilomita ya kumi na tano: bia baridi, lakini kiti kilitanua miguu taratibu nikiwa juu yake mpaka nikafika chini. Watu wa meza ya pili walinipa pole huku wakijizuia kucheka. Kilomita ya ishirini na moja: hoteli ya vioo. Mhudumu alivitazama viatu vyangu, vilivyojaa rangi ya buluu, akanishukuru kwa kuja kazini mapema. Nilitoka baada ya saa moja, nimeandika SUKUMA mlangoni mwao, na kinywani sijatia kitu.

Mke wangu aliuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia nakagua njia yake. Alifurahi sana. Nilijisikia mume.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Leo nimefika kilomita ya thelathini na mbili. Ukuta wa ghala la saruji, mrefu, mweupe, jua limelala juu yake. Hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna pa kukalia. Palikuwa na mbwa mmoja, naye alinitazama kidogo akaondoka. Mtu anawezaje kumshangilia mwenzake mahali kama pale? Nilisimama dakika nne nikaona nyota.

Nikatembea mbele kutafuta maji. Kilomita moja na nusu nzima. Ndipo nikamkuta yule mama. Simjui jina, ila kuanzia leo ni Bibi Barafu. Kibaraza kipana, kivuli cha kutosha, viti vyenye miguu yote minne, na friji kubwa analoliongelesha kama mtoto wake wa mwisho. Bia imetoka ina ukungu. Nilishika chupa, mkono ukafa ganzi. Nilipokunywa ya kwanza, nusura nilie. Bibi Barafu alisema friji lake halijui mzaha. Barabara yote unaiona kutoka pale, kushoto mpaka kulia.

Tatizo moja tu. Pale si 32.

Lakini nilipofika chupa ya pili nilijiuliza: nani amesema si 32? Bango. Na bango liko wapi? Bango liko kwangu, limeegemea ukuta, linakauka.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao cha kamati. Fundi mpima ameshapiga madoa mekundu ukingoni mwa barabara kila penye kilomita, na sasa wanatakiwa watu wa kusimika mabango. Nikanyoosha mkono. Niliomba kuanzia 30 hadi 35. Mwenyekiti alisema hii ndiyo mioyo anayoitaka. Walinipigia makofi. Filimbi, ambaye ni mjumbe, aliniuliza nimeanza lini kujitolea. Nilimjibu kwamba tangu nilipomwoa dada yake. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Siku yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu hakukimbia leo. Amekata kucha za miguu. Amepanga nguo zake za mbio juu ya kiti, akazipangua, akazipanga tena. Cherehani imenyamaza kutwa. Mchana aliniuliza, bila kunitazama, kama kweli naona ataweza. Nilimwambia ataweza. Niliamini nilichosema, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Akanikabidhi soksi, zimekunjwa vizuri. Ameona ni vyema zikae kwangu.

Jumamosi, 8 Juni

Kazi imekwisha, na imekwenda kama maji. Nilipakia mabango kwenye mkokoteni nikaanza. Doa la kwanza, bango la 30. Doa la pili, bango la 31. Ukutani kwa saruji nikapita huku nikipiga mluzi, bango la 32 limelala salama chini ya gunia. Doa lililofuata, 33. Nikasukuma hadi kwa Bibi Barafu, nikasimika 32 mbele ya kibaraza, nikaliwekea mawe shinani lisitikisike. Nikakaa kidogo kuyajaribu mandhari. Mandhari yalihitaji chupa tatu. Kisha 34, kisha 35, nyumbani.

Hakuna bango lililobaki. Mabango sita, mashimo sita. Wengine wangevuruga, lakini mimi ni mtu wa mpangilio.

Jumapili, 9 Juni

Naandika mchana.

Walianza saa kumi na mbili asubuhi. Nilimshangilia mke wangu pale mwanzo, akanipungia mkono. Nilikusudia kumwona tena kilomita ya nane, na ya kumi na tano, na ya ishirini na moja, lakini mtu hachezei nafasi nzuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Barafu. Nikampa chupa ya maji aiweke pale juu, panapogandisha. Mke wangu anastahili baridi kama mimi. Nikaagiza. Ilikuwa mapema, nakubali, lakini nilikuwa kazini.

Walipita wakimbiaji wa mbele, wale wembamba, ambao hawasomi kitu chochote. Nikashangilia. Kisha wakaanza kuja watu wa kawaida. Bwana mmoja mwenye miwani alisimama, akatazama bango, akatazama saa yake, akatazama mbingu. Dada mmoja aliniuliza kama kweli hii ni 32. Nilimwambia ndiyo, na kwamba nimeichora mwenyewe, autazame mkia. Alisema 33 ameshaipita zamani. Nilimhurumia. Jua humfanya mtu hivyo.

Wa nne kusema hivyo alikuwa mzee mtulivu kabisa. Hapo nikaweka glasi chini. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Nikahesabu kwa vidole. Vidole vilikuwa sahihi.

Kabla sijainuka, akatokea Filimbi. Peke yake! Yule wa kumvuta dada yake alikuwa amemwacha tangu kilomita ya ishirini. Aliliona bango, akasimama, akapuliza filimbi. Kwa sauti ya uwanjani akatangaza kwamba wamepotezwa, wanakimbia kurudi walikotoka, wote nyuma geuka. Watu kama thelathini waligeuka. Ndiyo nguvu ya filimbi. Ningeweza kusema neno. Badala yake niliinua glasi ikanifunika uso. Wakaondoka mbio kurudi nyuma, yeye mbele, akihesabu moja mbili, moja mbili.

Nikakimbilia friji kuchukua maji. Jiwe. Chupa nzima jiwe tupu, hata ukiitikisa hailii. Bibi Barafu alinikumbusha kwamba friji lake halijui mzaha.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa anakuja. Alikimbia taratibu, kichwa kimeinama, uso umefungwa kabisa. Sijawahi kumwona na uso ule. Aliinua macho akaliona bango. Kisha akaniona mimi chini ya bango, soksi begani, jiwe la barafu mkono mmoja, glasi mkono wa pili. Akasimama.

"Kumbe upo," akasema.

Alichukua glasi, bia yangu, yeye ambaye akiinusa tu hukunja uso, akainywa yote. Alichukua barafu akaitia ndani ya fulana, mgongoni. Soksi aliziacha. Akautazama mkia wa ile mbili, akanitazama mimi, akaondoka kwa kasi ambayo hakuwa nayo alipokuja.

Saa nne na dakika ishirini na sita! Nilifika mwisho nikamkuta amelala kwenye nyasi, medali kifuani, anacheka peke yake. Filimbi alifika baadaye sana, na wale thelathini nyuma yake, hawasemi naye.

Nyumbani ametia miguu ndani ya beseni. Nikamwambia safari hii miguu haikumwangusha. Akainua macho kutoka kwenye beseni.

"Mwaka jana miguu haikuwa na neno. Nilikaa pale nikikungoja."

Akasema leo alipoiona 33 kabla ya kuniona mimi, alijua nimemwacha tena. Akataka kukaa. Kisha akajiambia hamngoji mtu, akaendelea, hata alipopishana na mdogo wake na filimbi yake.

Niliona haya. Haya ya kweli. Nilimwambia habari ya polisi haikuwa kweli. Alisema anajua, njia ile polisi hawakuwepo. Ameijua mwaka mzima, na mwaka mzima amenishonea mashati. Nikamwomba radhi. Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni, nikamkausha miguu, nikamvisha zile soksi. Nimeapa sitamfanyia hivi tena, na safari hii nimeapa mara moja tu.

Jumatatu, 10 Juni

Kamati imeniita. Nilieleza kwamba ulikuwa upepo. Mwenyekiti aliuliza ni upepo gani unaong'oa bango, unalibeba kilomita moja na nusu na kulipangia mawe shinani. Nilisema upepo wa msimu huu si wa kawaida. Filimbi aliuliza kama upepo ndio uliolipeleka mbele ya baa. Nilimuuliza nani aliyewageuza watu thelathini. Kikao kilichafuka.

Uamuzi: mabango nitaendelea kuyachora, maana hakuna mwingine anayeyaweza, lakini kusimika nisisimike hata moja. Nimekubali kwa heshima. Ingawa, ukitazama vizuri, kama bango lingekuwa mahali pake, mke wangu asingekasirika, na kama asingekasirika, asingemaliza kwa saa nne na dakika ishirini na sita. Kwa hiyo nani amemfikisha? Sikulisema kikaoni. Watu hawakuwa tayari.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu anataka kukimbia tena mwakani. Amenipa agizo mapema, bila hasira, huku anatia uzi kwenye sindano.

"Wewe simama mwisho. Mwisho tu. Pale hata wewe hupakosei."

Nimeapa. Ni mwanamke mwema na nimedhamiria kutomwangusha. Mchana nikaenda kupakagua, ili kusiwe na kisingizio. Geti la uwanja, lami, jua la utosini, kivuli hakuna. Nikatembea kidogo kurudi nyuma kwenye njia ya mbio, hatua mia saba hivi, nikapata sehemu tulivu yenye miavuli, bia yake baridi kiasi cha kuridhisha, na barabara unaiona yote. Mwenye baa ni mtu mwelewa. Anahitaji mtu wa kumwandikia bango la nje.

Nimepiga hesabu zangu. MWISHO ni herufi sita. Kusimika nimekatazwa, ni kweli, lakini kuandikia baa ya mtu jina hakuna kikao kilichonikataza. Nimemshauri aiite hivyo hivyo, herufi kubwa, buluu na nyeupe. Amelipenda sana. Kesho naanza.