Kuku juu ya bawa la ndege yangu

Leo nimekula haya, na nimeshiba. Naandika nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha taxi inayoturudisha Butembo. Mama yangu hanisemeshi. Baba mudogo Muhindo anajifanya amelala. (Kwenye barabara hii hakuna mutu anaweza kulala. Anacheka ndani ya kofia.)

Baba ya Masika, mchumba wangu, alikuwa fundi wa ndege miaka mingi pale Beni. Alishasema wazi: mutoto yake hatamupa mutu wa haraka, na kabla ya kuongelea mbuzi za mahari, aone kwanza kazi ya mikono yangu. Donc nikamuchongea ndege ya mbao, urefu wa mukono wangu, na mabawa yake, na madirisha yake yote.

Niliisugua msasa mpaka alama za vidole vyangu zikafutika. Nikapaka rangi nyeupe mara tatu. Kisha nikaisugua na dawa ya meno, sababu inaondoa mikwaruzo kuliko kitu chochote. (Nyumba yetu yote ilipiga mswaki na chumvi wiki nzima.) Iling'aa mpaka jogoo ya jirani akawika saa tisa ya mchana, akifikiri kumekucha tena.

Ilibaki vernis, vanishi ya kulinda ile mng'ao. Nikaipaka jana. Baba mudogo, yeye ni seremala, alinionya: vernis inataka siku tatu, usiiguse, usiifunike, hata usiiangalie sana. Lakini tulikuwa tunangojewa Beni leo. Asubuhi nikagusa: kavu, ngumu kama sahani. Nikasahau kwamba na baridi yetu ya Butembo, hata siagi inajifanya jiwe.

Mama akasema zawadi haitembei uchi. Akaifunga ndani ya kipande cha kikwembe chake kipya, kitenge hakijafuliwa hata mara moja. Ni kikwembe chenye picha za kuku wekundu na vifaranga vyao. Kipande kingine alikwisha kushonea nguo, ndiyo ile alivaa leo. Akakaza fundo kama anabeba mutoto mugongoni.

Nikapakata ndege yangu njia nzima. Tulivyozidi kushuka, joto ya Beni ikatupokea. Nilitoka jasho. Sikujua kwamba na ndege inatoka jasho.

Pale salon, sebuleni kwa kina Masika, batu balikuwa wengi. Baba mudogo akasimama kunisemea. Akasema mimi ni mutu wa kungoja, kwamba naweza kupanda mbegu ya avoka na kukaa chini yake mpaka izae. Baba mukwe akatikisa kichwa, akafurahi. Akaniambia nifungue.

Nikavuta kikwembe. Hakikuja. Nikavuta tena, pole pole, nikiwa natabasamu. (Lile tabasamu bado linaniuma mashavu.) Mwisho nikavuta kama mwanaume. Kikatoka na sauti ya plasta inayong'oka kwenye mguu wenye manyoya.

Kwa bawa la kuume: kuku mwekundu na vifaranga sita. Kwa bawa la kushoto: kuku mwingine, anaangalia nyuma. Kwenye tumbo la ndege, nyuzi za pamba, kama imeanza kuota ndevu.

Kila mutu aliangalia ndege. Kisha akaangalia mama yangu. Kisha ndege tena. Mama akakunja mikono kifuani kuficha kuku zake, lakini zilikuwa hata mugongoni.

Baba mukwe akavaa miwani. Akapitisha kidole kwa bawa, kifundi, kutoka mbele kwenda nyuma. Kidole kikakwama katikati. Alipokitoa, alama yake ikabaki pale, safi kama ile banachukua kwa bureau ya vitambulisho.

"Ulipaka vernis lini, mutoto yangu?"

"Jana, papa."

Akamugeukia baba mudogo. "Na avoka, huyu ataingoja?" Kisha akaangalia ile nguo ya mama, akaangalia bawa. "Tena hapa tulikuwa tunangojea mbuzi. Kuku hatukuomba."

Salon yote ikaanguka kwa kicheko. Nyuma ya pazia nilisikia kicheko chenye nakijua vizuri sana. Cha Masika.

Uamuzi ukatolewa. Ndege inabaki juu ya kabati yao. Kila asubuhi baba mukwe ataigusa mwenyewe. Siku kidole chake hakitakwama, tutaitwa tuongee mambo ya mbuzi.

Sasa hivi nimemuuliza baba mudogo vernis yenye kuingiwa na pamba inachukua siku ngapi kukauka. Amefungua jicho moja.

"Ile? Ile haikauki."

Ndugu zangu, musinicheke. Na kama lazima mucheke, muchekee mbali na Beni: pumzi zenu zitaongeza unyevu pale kwa kabati.