Tairi za Inchi Ishirini na Moja

Jumatatu, 1 Agosti 1966. Migori.

Siku njema! Chama cha ushirika cha pamba kinatafuta mkaguzi wa kuzunguka vituo vyote, kuanzia huku mpaka Sindo. Sharti ni moja tu: awe na chombo chake cha kusafiria. Usaili ni Jumatatu ijayo, Homa Bay. Na nani Migori nzima ana pikipiki? Mimi, Nyabuto, fundi cherehani kwa sasa. Pikipiki yenyewe ni ya mwaka 1928. Niliinunua kwa mpima ardhi Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao na, sasa nakumbuka, akicheka peke yake. Injini inanguruma vizuri sana. Kasoro ni tairi. Haina.

Imekaa jikoni miaka miwili. Bosibori, mke wangu, huanika maharagwe kwenye kiti chake. Nikamwambia wiki ijayo atakuwa mke wa mkaguzi, na sitashona tena suruali za watu. Akasema Simeon naye ameomba kazi hiyo hiyo. Simeon ni kaka yake, shemeji yangu, mtu wa baiskeli. Baiskeli! Nikacheka sana. Bosibori akasema angalau ile ina tairi. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 2 Agosti.

Homa Bay, dukani kwa Bwana Jivraj, muuza vipuri. Nilikwenda na msimamo. Tairi ya mbele iwe ya mistari, ishike njia. Ya nyuma iwe ya meno, ipande matope. Ubavuni isiwe na rangi nyeupe, maana mkaguzi hapaswi kuonyesha majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ukubwa. Inchi ishirini na moja, nikasema. Akauliza pikipiki ni ya mwaka gani. Nikamwambia. Akamwita ndugu yake kutoka stoo aje asikie mwenyewe.

Anazo za kumi na nane na za kumi na tisa. Za ishirini na moja ni mpaka ziagizwe Uingereza, miezi mitatu, ikiwa aliyekuwa akizitengeneza bado yuko hai. Nimechukua moja ya kumi na tisa pamoja na tyubu mbili. Inchi mbili ni nini? Mpira ni mpira. Unavutika.

Jumatano, 3 Agosti.

Hauvutiki.

Niliichemsha mchana kutwa katika sufuria kubwa ya Bosibori. Kisha nikawaomba majirani wavute, wawili huku, wawili kule. Tairi haikuongezeka hata unywele. Jirani mmoja ameteguka bega na anazungumza juu ya fidia. Tyubu ndizo zilizovutika, asante kwa hizo. Ugali wa jioni ulinuka gereji. Bosibori akasema hakuna neno, mimi nile tu, yeye ameshiba. Baadaye nilimsikia akila kwa jirani.

Alhamisi, 4 Agosti.

Mambo yamenyooka! Nilikwenda mpakani kwa Ryoba, Mkuria anayefanya biashara ya ng'ombe na chochote kingine. Alikuwa na tairi moja kuukuu imeegemea ukuta. Nikatoa futi yangu ya cherehani. Ishirini na moja kamili! Nilitaka kuigeuza, Ryoba akasema tuiache, imepumzika. Mtu mwungwana kweli. Alinifungia ndani ya gunia kwa mikono yake, akanisindikiza mpaka kwenye basi.

Basi lilipoanza kuondoka nikafungua gunia. Upande wa pili kuna matundu mawili yenye umbo la nyayo. Moja la kulia, moja la kushoto. Nikachungulia dirishani. Ryoba alikuwa akinipungia mkono, miguuni amevaa akala mpya za mpira. Amesimama juu ya tairi yangu!

Ijumaa, 5 Agosti.

Nimerudi kwa Ryoba. Alishangaa sana kuniona. Akasema tulizungumza habari ya tairi, viatu havikutajwa. Mwishowe akakubali kuvua akala zake, nami nikavua viatu vyangu vya ngozi, na kila mtu akaenda na vya mwenziwe. Vyangu vinamtosha.

Lakini Ryoba hajui anacheza na fundi. Jioni nimezirudisha zile akala mahali pake kwa uzi wa turubai, mshono maradufu, kwa mkono. Kazi safi! Bosibori akauliza kama nitaiwekea na vifungo. Kisha, akichambua mboga, akasema tairi nyembamba kama hiyo, ukubwa huo huo, iko kwao Oyugis, jikoni kwa mama yake. Mtungi wa maji umekalishwa juu yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu Jumatatu. Akajibu kwamba Jumatatu hakuna aliyemuuliza.

Kuna tatizo dogo. Kwetu Wagusii mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Bosibori anasema nimwandikie baba yake niombe kwa heshima. Ndiyo, nimwandikie, na Simeon anayeishi pale pale asome barua kwa sauti. Sitaomba. Kesho ni Sabato. Nyumba nzima itakuwa kanisani. Na heshima ni ya macho. Kama hakuna macho, heshima itavunjwa na nani?

Jumamosi, 6 Agosti. Oyugis.

Mama mkwe hakwenda kanisani. Ana jino bovu.

Mimi ningejuaje? Boma lilikuwa kimya. Nikaingia jikoni. Mtungi ule pale, umejaa, mkubwa kuliko nilivyowaza. Nikaukumbatia, nikauinua, nikaivuta tairi kwa mguu. Tairi ilikuja. Mtungi ukaenda. Maji yalifika mpaka kwenye mafiga.

Mama mkwe akatokea chumba cha ndani, kitambaa kimefungwa shavuni. Mara moja akajifunika uso kwa kanga, kama inavyopasa. Nami nikajifunika uso kwa tairi, kama inavyopasa. Tairi ina tundu katikati. Tulitazamana vizuri kabisa.

Hawezi kunitaja jina, kwa hiyo akaiuliza pembe ya nyumba ni nani huyo. Nikaijibu pembe ya nyumba kwamba si mtu. Akasema mtu huyo ambaye si mtu amevunja mtungi aliopewa siku ya harusi yake. Hapo nilikimbia. Tairi sikuiachia.

Jumapili, 7 Agosti. Migori.

Wazee wa Oyugis wamekaa asubuhi hii bila mimi. Simeon ndiye aliyeleta hukumu, kwa baiskeli. Nilete mbuzi wa kutakasa jiko, na mtungi mpya. Mpaka mbuzi afike, Bosibori arudi kwao. Na kuhusu tairi, mama mkwe amesema hawezi tena kuweka maji ya kunywa juu ya kitu hicho, nikae nacho. Kwa maneno mengine, nimeshinda! Simeon alinitazama kwa huruma. Wivu huo.

Mchana nikafunga tairi zote mbili. Zimekaa kama zimezaliwa hapo. Pikipiki ikatoka jikoni ikinguruma, nikaizungusha sokoni, watu wakaacha kununua. Nilirudi nyumbani kumwonyesha Bosibori. Alikuwa ameshafunga nguo zake, amekwenda na Simeon. Maharagwe ameyaacha kwenye ungo mlangoni. Iliniuma kidogo. Iliniuma sana, kwa kweli. Lakini nikipata kazi kesho nitapeleka mbuzi wawili, na nitawapeleka kwa pikipiki.

Jumatatu, 8 Agosti. Homa Bay.

Nilitoka alfajiri. Upepo, heshima, watoto wakikimbia nyuma. Mpaka karibu na Asumbi.

Ilianza kuchomoka akala ya kushoto. Nikasikia tyubu inapumua. Kisha ya kulia, kisha kishindo, kisha mtaro. Nilipoinua kichwa, zile akala mbili zilikuwa katikati ya barabara, sambamba, kama mwenyewe amenyakuliwa kwenda mbinguni. Waumini waliokuwa wakitoka misheni walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama naziuza.

Nani akaja kutoka njia ya Oyugis, polepole, shati jeupe, kengele inalia? Akasema, shemeji, panda kwenye keria. Nikakataa. Akasema saa zinakwenda. Nikatazama jua. Nikapanda.

Kamati ilikuwa imekaa nje, kando ya mizani ya pamba. Kila mwombaji alitakiwa aonyeshe chombo chake. Mwenyekiti akamuuliza Simeon kama baiskeli hiyo inaweza kubeba mzigo wa maana kwenye barabara zetu. Simeon alinyoosha kidole kwangu. Nilikuwa bado juu ya keria, miguu imekufa ganzi. Wakauliza nimebebwa kutoka wapi. Asumbi, nikasema. Wakanishusha, wakanipima kwenye mizani ya pamba, wakatazamana, wakampa Simeon kazi hapo hapo.

Mwenyekiti akaniuliza kama mimi pia nilikuja kwa ajili ya nafasi ile. Nikasema hapana, nimemsindikiza shemeji.

Ijumaa, 12 Agosti.

Nyumba imenyamaza. Nimekula ugali mbichi wiki nzima, na hakuna wa kuusifu wala kuusema. Namtaka Bosibori arudi. Siku tatu hizi sikulala. Nilishona sare za kwaya nzima ili nipate mbuzi. Nikampata! Dume mweupe, mnene, hata wazee wa Oyugis wangekosa la kusema. Leo asubuhi nikaanza safari naye.

Nilipita Homa Bay. Ni njia ya kuzunguka, lakini nilikuwa na wazo. Pale ufukweni mwa ziwa nikakutana na Maroa wa Sindo, aliyekuwa na boti ya kuuza. Boti nzuri mno! Ubavu wa kulia mzima, wa kushoto mzima, makasia mawili, jina limeandikwa mbele kwa rangi nyekundu. Mbao za chini tu ndizo zilizooza. Nikawaza: pamba ya vituo vya ziwani itasafirije, na Simeon ana baiskeli? Baiskeli ipite juu ya maji? Ushirika wenyewe utanifuata kwa magoti.

Maroa hakutaka fedha. Alimpenda mbuzi.

Basi, boti ni yangu. Bosibori nitamfuata kwa boti, boma zima lishuhudie. Oyugis haina ziwa, lakini hilo ni jambo la kupanga tu.