Popo Wangu wa Mnarani

Jumatatu, 8 Julai

Kazi imeanza! Kuanzia leo mwongoza watalii wa mji wetu wa kale wa Quedlinburg ni mimi, Rico Brandtner, kijana mwenye sauti nzuri na viatu vipya. Ni majaribio ya wiki moja tu, lakini nani atanishinda?

Nitasema ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Mjomba Detlef ni fundi wa kusafisha mabomba ya moshi. Nguo nyeusi, vifungo vya dhahabu, na watu barabarani humkimbilia kushika kifungo ili wapate bahati. Hutembea juu ya mapaa kama mtu anayekwenda kununua mkate. Amenitafutia nafasi ya kujifunza kazi kwake. Mama amefurahi hadi amelia. Nikishindwa hapa, Jumatatu ijayo nasaini na napanda paa.

Na mimi naogopa juu. Sana. Balbu ya jikoni ikiungua namwita dada yangu Silke apande kiti, mimi namshikia miguu nimefumba macho. Hakuna ajuaye zaidi ya Silke, naye namlipa kwa kuosha vyombo.

Mkuu wetu ni Bi Kolbe, mama wa mwavuli mwekundu na sauti ya mwalimu wa zamu. Akanisomea njia ya matembezi: sokoni, nyumba za mbao, kilima cha ngome, na mwisho, mnara wa kanisa. Juu kabisa! Kila ziara! Nikauliza kama mgeni hawezi kuuona mnara vizuri zaidi akiwa chini. Akasema kijana, mnara hupandwa.

Thorben akacheka. Huyu Thorben, mwongozaji mwenzangu, anasoma historia chuo kikuu na anafuta miwani yake kila anapotaka kukudharau. Akaniuliza mbona nimekuwa rangi ya jibini. Nikamwambia goti linaniuma. Akawapandisha wageni yeye. Kesho goti halitatosha.

Jumanne, 9 Julai

Akili ninayo! Shule ilinikataa kwa wivu.

Watu wetu wanaweza kumbishia polisi, mchungaji, hata daktari. Tangazo lililobandikwa mlangoni hawalibishii. Nikaandika jana kwa herufi kubwa, Silke akalifunika plastiki ngumu kwa mashine ya ofisini kwake, na leo kabla ya chai nimelibandika kwenye mlango wa mnara:

MNARA UMEFUNGWA. POPO WANALEA WATOTO. WANALINDWA NA SHERIA. TAFADHALI TUTULIE.

Mambo yakawa mazuri kupita nilivyotegemea. Wageni wangu walisoma, wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa Hanover alivua kofia. Mkewe alipokohoa akamfinya mkono, akamwambia we mama, kuna watoto wamelala humo!

Ziara yangu ilikuwa moto. Niliwaambia nyumba ya mbao iliyopinda pale kona ilijengwa hivyo makusudi, ili mwenye nyumba akirudi amelewa aione imenyooka. Wakapiga makofi. Thorben alifuta miwani mpaka nikadhani kioo kitatoboka. Kisha akaenda kulisoma tangazo. Akalisoma tena. Akauliza mbona halina jina la ofisi. Nikamwambia popo hawana ofisi.

Nimecheka peke yangu. Alikuwa ananitazama vidole, na vidole vilikuwa na gundi.

Jumatano, 10 Julai

Leo kengele ya saa sita haikulia.

Bibi yangu hutoa viazi jikoni kwa kengele hiyo tangu alipoolewa. Viazi vimeungua. Bibi amesimama dirishani na kijiko, akiniuliza, Rico mwanangu, nimekuwa kiziwi au Mungu amehama? Jirani naye viazi vimeungua. Mtaa mzima ulinuka.

Nikakimbia kanisani. Bwana Pfannkuch, mtunza kanisa, alikuwa amekaa nje ya mlango wake mwenyewe, funguo mapajani. Kwa sauti ya chini akaniambia amelisoma tangazo jana jioni, hawezi kupanda kupiga kengele, sheria ni sheria. Nikamwuliza nani amefunga. Akasema halmashauri ya mji, bila shaka. Silke amesikia ofisini kwake kwamba halmashauri wanaamini ni kanisa lililofunga. Kila mmoja anamheshimu mwenzake na hakuna anayeuliza!

Ningeweza kulibandua usiku huu. Ndiyo. Lakini nikilibandua, kesho napanda. Limebaki.

Alhamisi, 11 Julai

Mungu wangu. Kuna watu wanaowapenda popo.

Amekuja Bi Strohbusch, mwenyekiti wa chama cha kulinda popo, mjini wanamwita Mama Popo. Buti za mpira, kofia ngumu yenye taa, na macho ya mtu aliyesubiri habari hii miaka yote. Akamwuliza Bi Kolbe nani aliwaona kwanza. Kabla sijajificha nyuma ya sanamu ya Roland, yule askari wa mawe wa sokoni, Thorben akanisukuma mbele. Ni huyu hapa, akasema, Rico wetu, ana macho kama ya mwewe.

Mama Popo akanishika mikono yote miwili. Akauliza ni wakubwa au wadogo. Nikasema wa kila saizi. Akauliza watoto wakoje. Nikasema ndiyo kwanza wanatotolewa, mayai mengine bado. Ningenyamaza tu! Mama Popo alicheka hadi taa ikatikisika kichwani, akamwambia Bi Kolbe, huyu kijana mcheshi! Thorben baadaye akanieleza kwamba popo hatagi mayai. Sasa mimi ningejuaje? Ana mabawa!

Basi imepangwa. Jumamosi tunapanda. Mama Popo, Bi Kolbe, Thorben, na wageni wote watakaotaka. Nitawaongoza mimi, na huo ndio utakuwa mtihani wangu.

Walipoondoka, Thorben alinifuata mpaka kwenye duka la keki. Akaniambia kwa upole, ule upole wa daktari wa meno, kwamba anajua nani aliandika lile tangazo. Pasipokuwa na popo Jumamosi atasema mbele ya watu wote. Na mpango wa mjomba mji mzima unaujua: halafu Jumatatu, akasema, nitakuja chini ya paa lenu nikupungie mkono, fundi!

Keki ya jibini nimeilipia, sijaila.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango: kama hakuna popo, popo waletwe. Silke ana mfuko wa popo wa plastiki wa sherehe za watoto, weusi, wana kamba, ukiwatikisa wanapepea. Nitawaning'iniza gizani huko juu, Mama Popo atawaona kwa mbali, atalia kwa furaha, tutashuka. Kosa dogo tu katika mpango: wa kuwapandisha ni mimi.

Bwana Pfannkuch hafungi mlango tena, tangazo linatosha. Asubuhi waoka mikate walipofungua, nikaingia.

Ngazi za mawe zinazunguka, za kushikia ni kamba moja ukutani. Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili, nikaanza kuimba. Wa tatu, nikaona kidirisha, na mjinga mimi nikachungulia. Soko lote limekuwa sahani! Bi muuza stroberi amekuwa kama mdudu! Nikapanda kwa magoti, kisha kwa tumbo, mfuko nimeuuma kwa meno.

Hapo nikasikia. Juu yangu, ndani ya giza. Kwaru, kwaru. Na vilio vyembamba, vingi, kama watoto wanaosengenya. Na harufu! Harufu ya choo cha kale. Nikajua ni roho ya mpiga kengele wa zamani, na hajaoga.

Mfuko ukaanguka, nikauacha. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, suruali imechanika. Nje nani kasimama? Mjomba Detlef, na bibi harusi mmoja anamsugua kifungo. Mjomba akanitazama mbele, akanitazama nyuma. Mpwa wangu, akasema, uso umepaka unga? Akaongeza kwamba nguo yangu nyeusi imeshonwa, imebaki vifungo tu. Akanipiga bega. Mkono wake una nguvu, wa mtu anayekupandisha utake usitake.

Popo hakuna. Kuna mzimu. Na kesho nawapeleka watu kwake.

Jumamosi, 13 Julai

Ngoja niandike polepole, bado sijaamini.

Sokoni palijaa. Nikaanza na ujanja: nikatangaza kwamba kiongozi hodari hupanda wa mwisho, ili awadake wanaoanguka. Mama Popo akasema hapana mwanangu, aliyegundua hutangulia. Akanisukuma mgongoni kwa ile kofia yake ngumu. Nikapanda hivyo, kama toroli.

Nilifumba macho njia nzima. Lakini kazi ni kazi, nikaendelea kuwaeleza wageni. Nikasema kulia kwenu mnaona madirisha ya kale. Sauti ya mama mmoja ikasema huku ni ukuta. Nikasema ndiyo, yalikuwa ya kale sana. Jasho linatiririka, moyo unagonga hadi nadhani Bwana Pfannkuch ameanza tena kengele.

Ghafla, nyuma yangu, Thorben akapiga ukelele. Ameukuta mfuko!

"Bi Kolbe! Tazama! Popo wake hawa hapa! Plastiki tupu! Tumedanganywa!" Akawa anawatikisa kwa kamba zao, wote, wanapepea juu ya kichwa chake. Nikaona maisha yangu yote mbele: paa, paa, paa.

Kisha juu pakalia. Kwaru, kwaru, na vile vilio. Nikamshika mtu aliye karibu nikamwambia ni mzimu, tukimbie. Mama Popo akaelekeza taa juu.

Boriti nzima ilikuwa hai. Popo! Wa kweli! Wamejipanga mmoja juu ya mwenzake, na chini ya mabawa ya mama zao vitoto vya waridi, vipara, kama vidole gumba. Mama Popo akaanza kulia kimyakimya. Hata mimi nilifumbua jicho moja.

Halafu akageuka. Akamtazama Thorben, mtu mzima, mwanachuo, amesimama katika wodi ya wazazi na midoli mikononi, anapiga kelele.

Alichomwambia siwezi kuandika chote. Alimwuliza kama angependa mtu aje kumtikisia plastiki mama yake siku aliyojifungua. Thorben akasema vitu hivyo si vyake, ni vya Rico. Bi Kolbe akasema Thorben, viko mkononi mwako, usimsingizie mwenzio. Nikasema kwa sauti ya huruma kwamba bado kijana, tumsamehe. Angeweza kunimeza na miwani yake.

Popo mmoja akapita sikioni kwangu. Nikamkumbatia Bi Kolbe kwa nguvu zote. Alidhani nimeguswa moyo. Akanipigapiga mgongo, naye akalia kidogo.

Kushuka: kwa makalio. Nikawaambia wageni ndiyo desturi ya kale ya wapiga kengele wa Quedlinburg. Wakakaa wote. Wakashuka wote, tap, tap, tap, mpaka chini, na Bi Kolbe wa mwisho, mwavuli mapajani.

Jumapili, 14 Julai

Nimefaulu! Bi Kolbe amepiga simu bibi akigawa nyama. Kazi ni yangu, ya kudumu, kesho nasaini kwake. Bibi ameniwekea donge la viazi la ziada, halijaungua.

Mjomba Detlef alikuwepo mezani. Hakukasirika. Alisema nafasi ameshampa Wiebke, binti wa jirani, mwepesi kama paka. Nikasema hongera kwake, wengine tumezaliwa kuongoza. Silke akaniangalia sana. Vyombo leo nimeosha mwenyewe, tena nikiimba. Popo wapo kweli, basi mnara utafungwa kweli, na miguu yangu haitaondoka kwenye ardhi ya Mungu maisha yangu yote!

Jumatatu, 15 Julai

Nimesaini, kisha nikasoma. Kumbe watu husoma kwanza.

Kuna ziara mpya, "Kwa Popo wa Mnarani." Asubuhi na jioni, kila siku, hadi popo wahame. Mama Popo amekubali tuingie watu wachache, kimya, kwa sharti moja: kiongozi awe aliyewagundua. Thorben amekatazwa mnara. Amepewa soko na nyumba za mbao. Tambarare yote! Leo alinipita na mwavuli wa kuongozea wageni, akinipungia mkono, taratibu, akielekeza kidole juu.

Nikakimbia kwa mjomba. Nikamwomba nafasi, nikamwambia nimebadili mawazo, mabomba ya moshi yako moyoni mwangu. Akasema Wiebke ameanza asubuhi hii. Nikamwuliza yuko paa gani. Akasema paa? Paa la nini? Mpwa wangu, siku hizi tunapima mitambo ya kupasha moto, kutwa tuko vyumba vya chini ya nyumba. Paani napanda mara mojamoja, tena kwa kupenda kwangu tu. Ungeniuliza!

Nikarudi kazini.

Lakini Rico hafi njaa ya akili. Ziara ya jioni, mlangoni mwa mnara, nikawatangazia wageni jambo jipya la kitaalamu: popo anayelea hawezi kuvumilia sauti ya kiume, maziwa hukauka. Kwa hiyo wapande wenyewe na Bwana Pfannkuch, ambaye haongei, nami nitawalinda hapa chini. Wote waliinamisha vichwa kwa heshima. Hakuna aliyebisha!

Mama mmoja tu, mwenye buti za mpira kama za Mama Popo na begi la chuo kikuu fulani, alibaki nyuma. Akaniuliza jambo hilo nimelisoma wapi. Nikasema nimelifanyia utafiti mwenyewe, miaka mingi. Akaniomba jina langu kamili, na jina la mkuu wangu, akaandika yote vizuri sana.

Nadhani anataka kunisifu kwa Bi Kolbe. Nimemtajia na jina la pili.