Mkono wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kapata nafasi chuo cha ualimu. Mwisho wa kuripoti ni Jumatatu ijayo, na kagoma kuondoka mpaka nipimwe presha. Eti kaniona nimeshika ukuta nikitoka jikoni. Nikamwambia nilikuwa naupangusa vumbi. Hakucheka. Keshokutwa wanapima bure kwenye hema pale sokoni. Mimi na kile kitambaa cha kubana mkono hatupatani. Kikianza tu kukaza, moyo unakimbia kama kuku aliyeona kisu. Watasema nina presha, kumbe ni woga.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata ufumbuzi. Mdogo wangu. Sura tumefanana, na yeye mwembamba kama sindano ya cherehani yangu. Mtu mwembamba hivyo presha ataiweka wapi? Nimemwomba aende badala yangu, ataje jina langu. Kaniuliza siku nikifa, kaburini napo ataingia yeye? Mdomo huo! Nikamwahidi gauni. Nikamsisitiza: lolote atakaloambiwa, asibishe, ni langu, si lake. Kakubali. Tangu utoto hajui kuninyima.

Jumatano, 5 Juni
Nilijibanza nyuma ya magunia ya vitunguu nikichungulia. Nesi kampima. Kampima tena. Kamwambia apumzike, kampima mkono wa pili. Nikajisemea, nesi mwangalifu huyu, vizuri. Mdogo wangu katoka, kanipa kadi, kasema kichwa kinamuuma, kaenda zake. Hata gauni hakulikumbusha. Mwandiko wa nesi umelala kama nyasi zilizokanyagwa, sikuambulia kitu. Nikampelekea binti kadi kwa madaha. Kaisoma. Kakaa chini. Kasema, mama, hii ni mia na tisini na tano, umeandikiwa uende hospitali leo leo. Kaanza kutoa nguo zake kwenye begi.

Ikabidi niseme: si yangu, ni ya mama yako mdogo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tukaenda mbio. Tumemkuta amekaa mbele ya beseni, anafua. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali. Kasema si nilimwambia lolote atakaloambiwa ni langu?

Nikamnyanyua mikono ikiwa na povu, tukampeleka hospitali.

Ijumaa, 7 Juni
Wamemlaza. Vidonge ameanza, presha inashuka polepole. Daktari kasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Kumbe hicho kichwa kinamsumbua tangu mwaka jana, yeye anasingizia jua. Mimi dada mtu, mlango wa pili kutoka kwake, sikujua. Nilikuwa najua kumtuma tu. Nimempelekea gauni, limempwaya mabegani. Kalishika, kasema, dada, presha yako nakurudishia, gauni nabaki nalo. Nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia, nikajifutia upindo wa kanga.

Jumapili, 9 Juni
Mdogo wangu karudi nyumbani. Chumvi kapigwa marufuku, nami nimeapa mbele yake kwamba ujanja basi, nimekoma. Binti kasema begi halifungwi mpaka mkono wangu mwenyewe upimwe kesho asubuhi hospitali, yeye akiwa anakata tiketi ya basi. Ana haki. Mtoto huyu akikosa chuo kwa ajili yangu sitajisamehe.

Ndiyo maana nimewaza sana. Kosa langu lilikuwa kuchagua mwembamba. Wembamba wanaficha mambo. Mama anayetuuzia maziwa ni mnene, kutwa anacheka mpaka madumu yanatikisika. Mtu wa kucheka vile presha itamwingilia wapi? Na nesi wa hospitali hatujui, wala mimi wala yeye. Nimeshamchukua vipimo vya gauni. Kitambaa kitakula mita nne, si neno. Kakubali bila maswali. Kaniomba tu twende mapema, eti siku hizi jua likipanda kichwa humgonga.